Wanachuo wa Iringa wapandishwe mwamba wa Gangilonga kabla ya kupewa vitambulisho

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama mwenye nyumba hapa Kihesa, Iringa mjini. Uani nimejenga vyumba vya kupangisha, na wapangaji wangu karibu wote ni wanachuo: wa Chuo Kikuu cha Iringa, wa chuo cha Mkwawa, na mara mojamoja wa RUCU, chuo kikuu cha Wakatoliki, aliyekosa chumba kule kwao. Mwanachuo akikaa kwako miaka mitatu unamjua. Bumu, ile fedha ya mkopo wa chuo, likitoka unasikia harufu ya kuku. Likikata anabisha hodi kuomba chumvi. Unamjua anayekesha na daftari na anayekesha na spika. Lakini habari za mji wenyewe anaoishi, hizo humkuti nazo.

Mwezi uliopita kijana wa mwaka wa tatu alikuwa anafua jezi ya Lipuli pale bombani. Nikamuuliza, "Mwanangu, Lipuli ni nini?" Akanijibu bila kuinua kichwa: "Timu, Mama. Wanapaluhengo. Ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Azam." Ni kweli, 2019, tukafungwa moja bila. Nikamuuliza kabla ya timu Lipuli ilikuwa nini. Akasimama na povu mikononi, akacheka, akaona namtega. Basi nikamwambia ni ngome ya Mkwawa, mtwa wa Wahehe, pale Kalenga, ile yenye ukuta wa mawe, iliyovunjwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Kijana huyu anasomea ualimu, na somo lake ni historia. Mwakani atakuwa Tabora au Kigoma akiwafundisha watoto habari za Mkwawa kutoka kitabuni, wakati Kalenga ni nauli ya daladala tu kutoka chumbani kwake.

Ombi langu ni kwamba vyuo vyetu vitenge siku moja kwenye ile wiki ya kuwapokea wa mwaka wa kwanza, watembezwe mjini na wazee wanaojua. Iwe kabla ya vitambulisho na kabla ya semina ya namna ya kuazima kitabu maktaba. Nimekwenda mji mwingine wa vyuo, mbali sana na hapa, nikaona wenzetu wanavyobeba habari zao, na tangu nirudi limenikaa kooni.

Mtoto wa kaka yangu alisoma Marekani, akaoa hukohuko, sasa anaishi Northfield, jimbo la Minnesota. Mke wake alipojifungua mwaka juzi niliitwa kwenda kumlea mzazi, nikaenda na unga wangu wa ulezi kwenye begi. Northfield ni mji mdogo, watu kama 20,000, kilomita 60 na kitu kusini ya Minneapolis. Una vyuo viwili. Kimoja ni Carleton, kilichoanza 1866. Cha pili ni St. Olaf, kilichoanzishwa 1874 na Walutheri waliotoka Norway, nacho kimekaa kilimani kinautazama mji kwa juu. Katikati unapita mto Cannon, na ukingoni limesimama jengo la kinu cha zamani. Upepo ukigeuka mji mzima unanukia uji. Siku ya kwanza nilikimbilia begi nikidhani unga umemwagika, kumbe ni kiwanda cha Malt-O-Meal, wanapika nafaka za kifungua kinywa. Wenyewe wana msemo wao wa kujisifu: ng'ombe, vyuo na kuridhika.

Nilitegemea Septemba yangu ipite kwa kuogesha mtoto na kuchemsha maji. Mara nikaona malori yanashusha farasi.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 7 Septemba 1876 majambazi wanane waliingia Northfield, kundi la ndugu James na ndugu Younger, ambalo lilikuwa limesumbua benki na treni kwa miaka. Watatu wakaingia First National Bank, wengine wakabaki nje kulinda. Ndani walikuwepo watu watatu wa benki, na aliyekaimu ukubwa siku hiyo aliitwa Joseph Lee Heywood, ambaye pia alikuwa mweka hazina wa chuo cha Carleton. Wakamwambia fungua sefu. Akasema ina kufuli ya saa, haifunguki. Wakampiga, wakampitisha kisu shingoni kumtisha, akashikilia palepale. Na sefu yenyewe, hapa ndipo kila anayesimulia huchelewesha kidogo, haikuwa imefungwa. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Hakuna jambazi aliyewaza kuuvuta.

Huko nje mwenye duka la vifaa vya chuma alishapiga ukelele kwamba benki inaibiwa. Watu wakashika bunduki. Mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa likizo, Henry Wheeler, akapanda ghorofani hotelini akafyatua kutoka dirishani. Waliokosa bunduki waliokota mawe wakawavurumishia. Inasemwa ilichukua kama dakika saba. Majambazi wawili walibaki wamelala barabarani, waliosalia wakakimbia na majeraha, na walichopata ni dola 26 na senti 70. Wakati wanatoka, mmoja alimpiga Heywood risasi ya kichwa. Akafa pia kijana wa Kiswidi, Nicholas Gustafson, mgeni mjini. Husimuliwa kwamba alipigiwa kelele aondoke barabarani na hakuelewa Kiingereza. Majuma mawili baadaye ndugu watatu wa Younger wakakamatwa karibu na Madelia, na mwenzao mmoja akauawa hapohapo. Wawili wa mwisho hawakupatikana, na watu wengi wanaamini walikuwa Jesse na Frank James.

Basi tangu 1948 kila Septemba mji unafanya sikukuu, na jina walilolipa linatangaza kushindwa kwa Jesse James. Jengo la benki bado lipo, sasa ni makumbusho. Barabara inafungwa, farasi wanakuja mbio, baruti inalipuka mpaka vioo vinatetemeka. Waigizaji ni wenyeji wenye kazi zao za kila siku. Mimi nilisimama mbele kabisa na mtoto mgongoni, nimemfunga kwa khanga, na jambazi mmoja alifia karibu na miguu yangu. Alikuwa mnene, kofia imemwangukia puani, jasho linamtiririka. Mtoto wa watu pale pembeni akaanza kulia kwa hofu. Maiti ikafumbua jicho moja ikamkonyeza, ikalifumba tena. Makaburini kwa Heywood pia wanakwenda, na huko hakuna wa kukonyeza.

Lililonifurahisha si baruti. Ni kwamba mtoto wa miaka kumi anakueleza nani alisimama wapi, na wazee wawili kwenye benchi wanabishana kama kweli Jesse mwenyewe alikuja, kwa sababu akina Younger hawakuwataja waliotoroka. Hawaogopi kubishana. Na St. Olaf hufungua karibu na siku hizohizo, hivyo mwanachuo wa mwaka wa kwanza aliyetoka jimbo la mbali anakutana na kisa cha mji kabla hajajua choo kiko wapi. Anamaliza chuo akiwa anakijua, na anaondoka nacho.

Sasa nije kwenye lililonikalisha. Jioni ile kijana wetu alinisimulia kipande kilichobaki, huku anacheka kama wanavyocheka wote. Yule mwanafunzi Wheeler alizichukua maiti za majambazi wale wawili, zikaenda chuoni kwao Michigan kufundishia udaktari. Baadaye alipokuwa daktari kule Grand Forks, inasemwa aliisimamisha ofisini kwake mifupa ya mmoja wao, Clell Miller, ambaye Wheeler mwenyewe ndiye aliyempiga risasi. Wagonjwa wanasubiri zamu wanaitazama. Nikamwambia, "Wewe ni Mhehe, unacheka nini?" Akanyamaza. Mke wake, Mnorway wa watu, akauliza kwa nini Shangazi amekasirika. Ikabidi nimweleze, kwa Kiingereza changu cha kuunga.

Nilimweleza kwamba tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi ili asishikwe akiwa hai, na Wajerumani walipoufikia mwili walikata kichwa. Kichwa kikaenda Ujerumani. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, mkataba huo wa mataifa makubwa kugawana dunia, kipengele cha 246 kilisema fuvu la Mkwawa likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Twining ndiye aliyekwenda kulitafuta kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi sana yamepangwa, akachagua moja lenye vipimo vinavyokaribiana na vya ukoo wa Mkwawa, akalileta Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba silo. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwepo siku ile akiwa msichana. Hotuba ya Gavana hakuikumbuka hata neno. Alikumbuka wazee wa kiume wamesimama wanalia, na hakuna aliyejifuta.

Yule binti akanishika mkono. Halafu mume wake, kwa kutaka kunichangamsha, akanieleza kwamba pale Carleton wanachuo wana sanamu ya kichwa cha Schiller, mshairi wa Kijerumani, na mchezo wao ni kuibiana. Leo iko na kundi hili, kesho na lile, na aliyenayo lazima aioneshe hadharani halafu akimbie. Hapo ndipo nilicheka mpaka machozi. Kule wanaiba kichwa cha Mjerumani kwa mchezo. Chetu alikiiba Mjerumani mwenyewe, na hakukimbia.

Nisiwasifu kupita kiasi. Si kila habari ya kule inapandiwa farasi. Mankato ni mwendo wa saa moja na kidogo kutoka Northfield, na huko tarehe 26 Desemba 1862 serikali ya Marekani iliwanyonga Wadakota 38 kwa mpigo mmoja, baada ya vita ya mwaka ule na wenye nchi. Hakuna siku ambayo Marekani imenyonga watu wengi namna hiyo kwa pamoja. Northfield ilikuwa na umri wa miaka saba tu wakati huo, na ardhi yake ilikuwa ya haohao. Maiti zilifukuliwa usiku wakagawana madaktari. Mmoja aliyepata yake ni mzee Mayo, baba wa wale waliojenga hospitali maarufu ya Rochester. Nilimwomba kijana anipeleke. Pana bustani ya maridhiano na majina 38 yameandikwa. Tulikuwa peke yetu.

Nikiwa kwenye gari kurudi nilipata jibu la swali lililokuwa linanisumbua, kwa nini wao wanaweza na sisi hatuwezi. Northfield walipata kisa chepesi. Adui alitoka mbali, Missouri, akashindwa mchana kweupe, na hakuna mjukuu wa jambazi anayekaa nyumba ya pili. Visa vyetu vya Iringa vyote vina watu wa pande mbili wanaokutana sokoni.

Chukua Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891, miaka 15 baada ya dakika saba za Northfield, jeshi la Mkwawa lilivizia msafara wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, yule waliyemwita Nyundo, likamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Ni ushindi ambao jina lake limepewa kambi ya jeshi Dar es Salaam. Hapa kwetu Kihesa tarehe 17 Agosti inapita kama siku nyingine ya vumbi. Lakini ukitaka kuigiza Lugalo, nani atakuwa askari wa Mjerumani? Wale walikuwa Waafrika, wa kutoka pwani na wa kuletwa kutoka Sudan na kusini. Halafu nenda Usangu, upande wa Mbeya, uulize habari za Mkwawa. Watakupa nyingine kabisa, maana Wahehe ndio waliomtoa Merere, mtawala wa Wasangu, kwenye nchi yake, na Mjerumani ndiye aliyemrudisha. Hata ndani ya nyumba ya Mkwawa kwenyewe: ndugu yake Mpangile alisimikwa na Wajerumani mwishoni mwa 1896, na Februari 1897 walewale waliomsimika wakamnyonga. Huyo utamwigiza kama shujaa au kama msaliti? Mimi nina maoni yangu, na jirani yangu ana yake, na hatujapigana bado.

Kwa hiyo sitaki farasi. Nataka watu watembezwe waone mahali penyewe, na wasikie watu zaidi ya mmoja.

Kitanzini, kwa mfano. Wanachuo wanapita pale kila siku, na jina liko wazi mbele ya macho yao, lakini sijaona anayejiuliza kitanzi cha nani. Wazee wanasema ndipo Wajerumani walipokuwa wananyongea watu. Panda kidogo kuna Boma la Wajerumani, ambalo baadaye likawa ofisi za utawala, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa kwa mradi wa Fahari Yetu uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Iringa chenyewe. Yaani chuo kimetengeneza makumbusho, na wanafunzi wa chuo wanaulizana ile nyumba nzuri ni hoteli ya nani.

Au Mkwawa, chuo kishiriki cha elimu. Kabla ya kuwa chuo, mwaka 2005, ilikuwa shule ya sekondari ya Mkwawa, na kabla ya hapo, enzi za mkoloni, ilikuwa St Michael's and St George's, shule ya watoto wa Wazungu. Shule iliyojengwa ili mtoto wa Mhehe asiingie sasa ina jina la Mkwawa getini. Mwanachuo analala kwenye bweni hilo miaka mitatu, na hakuna anayemwambia.

Kuna jingine ambalo hata sisi wakubwa hulisema kwa sauti ya chini. Tuna Chuo cha Ualimu Kleruu. Dk. Wilbert Kleruu alikuwa mkuu wa mkoa huu, na siku ya Krismasi 1971 alipigwa risasi Ismani na mkulima Said Mwamwindi, shambani kwake, wakati serikali inasukuma ujamaa vijijini. Mwamwindi akaipakia maiti kwenye gari la mkuu wa mkoa mwenyewe, akaendesha mpaka polisi Iringa, akajisalimisha. Akahukumiwa kunyongwa. Nilikuwa mtoto mdogo. Ninachokumbuka ni watu wazima kuacha kuongea tulipoingia ndani, na pilau ya Krismasi kupoa kwenye sinia. Chuo kina jina la Kleruu, ni haki yake. Nenda Ismani sasa umtaje Mwamwindi mbele ya wazee, usikilize utakachoambiwa. Mwalimu anayefuzu Kleruu bila kusikia yote mawili amefuzu nusu.

Nimeiacha Gangilonga mpaka hapa kwa sababu ndiyo inayoniuma. Wageni wa mji huu nawaeleza: ni mwamba mkubwa juu ya mji, upande wa mashariki, na wanauita jiwe linaloongea. Mama mkwe alikuwa anasema jiwe lilikuwa linaonya, adui akitoka upande fulani linasikika. Wengine wanasema hapana, aliyekuwa anaongea ni Mkwawa, alikuwa anapanda pale kutafakari, na pale ndipo alipojua kwamba Wajerumani wanamjia. Mzee mmoja wa hapa Kihesa, mtu wa ulanzi lakini mwenye akili timamu, aliniambia ni upepo tu unapita kwenye ufa, ila akaongeza kwamba upepo haupiti bure. Mimi yote matatu nayapenda. Jumamosi jioni panda pale uone. Wanachuo wamejaa wanapiga picha jua likizama, na ni haki yao, mji unaonekana wote mpaka bonde la Ruaha Mdogo. Lakini mwamba umeandikwa kuanzia chini mpaka mkono unapofika: majina, kopa, namba za simu, mwaka wa kumaliza. Mapenzi ya semesta moja yameandikwa kwa rangi ya mafuta. Chini ya ufa ule anaosema mzee nilikuta chupa za bia zimepangwa vizuri, kana kwamba mtu atarudi kuzichukua. Sikumchukia aliyeandika. Hakuna aliyemwambia amesimama wapi.

Isimila sitaieleza sana, vitabu vinaieleza vizuri. Kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya, zana za mawe ambazo wataalamu wanazikadiria umri wa miaka kama 260,000, na waliozichimba kwa kina mwaka 1957 na 1958 walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha Chicago wakiongozwa na F. Clark Howell. Chicago na Northfield ni pande moja za Marekani. Yaani wanachuo wa kule walishapiga magoti kwenye mchanga wetu kabla hatujapata chuo hata kimoja mjini hapa, na wa kwetu wanapita na basi kwenda Mbeya wamelala.

Najua majibu nitakayopewa. Kwanza, hakuna fedha. Gangilonga inapandwa kwa miguu, Boma liko mjini, na Kitanzini ni ya bure. Basi la kwenda Kalenga ndilo litagharimu, na mwanachuo anayelipia tiketi ya tamasha la muziki bumu likitoka anaweza kuchangia nauli. Pili, wazee wanapingana. Vizuri sana; wakae wawili, mmoja asimulie, mwenzake akatae, vijana wasikilize, waandike yote mawili. Vyuo vina wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti mpaka wananakili za miaka iliyopita. Mada ziko hapa, zinaota jua barazani. Tatu, nimeshaambiwa kanisani kwangu kwamba haya ni matambiko. Nikauliza, kwenda kuona ukuta wa mawe ni tambiko la nani? Sikujibiwa, tukaendelea na wimbo.

Jambo moja tu nasisitiza kwa wakuu wa vyuo: mzee alipwe. Asipewe chai na maandazi na picha ya pamoja. Mtaalamu wa semina analipwa posho kwa kusoma maandishi ya ukutani; mzee wa miaka themanini aliyepandishwa Gangilonga kwa mkongojo naye alipwe, tena siku hiyohiyo, mkononi. Waongozaji wa Kalenga na Isimila nao wanajua kazi yao, wasipitwe pembeni kwa sababu kuna mhadhiri mwenye kipaza sauti.

Vyuo visipofanya, mimi kwa upande wangu nitafanya. Wapangaji wangu wapya wakishaingia nitawapeleka Gangilonga Jumamosi ya kwanza, aliyelipa kodi na asiyelipa, halafu tushuke Bomani na Kitanzini. Nimeshanunua brashi za chuma na dawa ya kutoa rangi, nitakayemkuta na kopo la rangi atasugua yeye. Ninachokosa ni mzee wa Kitanzini anayeweza kunionesha mahali penyewe, mti au mlingoti ulisimama upande gani. Niliyekuwa namtegemea alifariki mwezi wa nne kabla sijamkalisha. Kama yupo mwingine, au mjukuu wa mwingine aliyesikia kwa babu yake, afike Kihesa sokoni aulize mama mwenye vyumba vya wanachuo, geti la kijani. Nauli yake narudisha, na atakula.

Mama wa Geti la Kijani,
Kihesa, Iringa